Maswali ya Wasomaji: Ketoni na Sukari Inayoshuka kwa Mtoto Mwenye Tatizo la Ukuaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji: ugonjwa wa Silver-Russell (mtoto huzaliwa mdogo na kubaki mdogo), upungufu wa homoni za pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo), na mmoja ambaye mwanawe alizaliwa mkubwa kupita kiasi. Wote wanasumbuliwa na jambo moja, sukari ya mtoto kushuka akikaa na njaa. Tumejibu kwa vipimo na hatua zinazotumika kwa kawaida. Mpango ambao daktari wa mtoto wako ameuandika ndio unaotangulia, na kama bado hajauandika, muombe auandike kwenye karatasi mara mtakapoonana.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne, kilo 7.8, na hospitali ya rufaa wamesema ana Silver-Russell. Nimeambiwa nimpime ketoni kwenye mkojo kila asubuhi. Nikimpima sukari ya kidole napata 4.6, ndugu zangu wanasema mtoto ni mzima, namsumbua bure. Halafu bado anavaa nepi, huo mkojo naupataje?
*Mama, Tanga*

Mama, 4.6, yaani milimoli kwa lita, ni sukari nzuri, hilo kweli. Ila sukari ya damu ndiyo inayochelewa kutoa habari, na ketoni, yaani kemikali zinazotoka mwili ukichoma mafuta, ndizo zinazowahi.

Mtoto akila, mwili hutumia sukari ya chakula kwa saa chache. Ikiisha, ini hutoa akiba yake. Mtoto wa umri wake mwenye mwili wa kawaida huvuka usiku kwa akiba hiyo bila shida. Mtoto wa Silver-Russell ana ini dogo na misuli michache mno, lakini kichwa chake hakikupungua kwa kiasi hicho, na ubongo ndio mlaji mkubwa wa sukari kwa mtoto. Misuli nayo ingesaidia kulipatia ini malighafi ya kutengeneza sukari mpya, na misuli yenyewe ndiyo hiyo haipo. Basi akiba inaisha mapema, mwili unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa hutoa ketoni. Katika hatua hiyo glukomita, ile mashine ya kupima sukari ya kidole, bado inaweza kuonyesha 4.6 au hata 5. Asipokula, sukari itafuata chini. Ukiziona ketoni una nafasi ya kumlisha mtoto akiwa bado anaweza kumeza. Ukisubiri sukari ishuke, mara nyingi utamkuta ameshaanza kutapika.

Kuhusu nepi: ile ya kisasa ina chembechembe zinazofyonza mkojo wote, hutapata tone. Weka vipande viwili vya pamba safi mbele ya nepi kabla ya kulala, au tumia nepi ya kitambaa. Asubuhi kamua pamba juu ya kisehemu cha ketoni cha kijiti mpaka kilowe, kung'uta kilichozidi, kisha hesabu muda. Vijiti vya ketoni pekee kwa kawaida husomwa baada ya sekunde 15. Vile vya visehemu kumi, kisehemu cha ketoni husomwa baada ya sekunde 40. Soma chupa yako, maana ukiangalia baada ya dakika tano rangi itakuwa imeendelea na utajitisha bure. Linganisha na rangi za kwenye chupa mchana dirishani, si kwa mwanga wa taa ya njano.

Rangi ya krimu isiyobadilika maana yake hakuna ketoni. Waridi hafifu, yaani dalili tu au 0.5: mpe kifungua kinywa sasa hivi, usimuogeshe kwanza. Ikifika 1.5: mpe kitu cha sukari cha haraka, kisha chakula chenye wanga, mpime sukari ya kidole, na pima kila mkojo unaofuata mpaka zitoweke. Ikifika 4 au zaidi, yaani zambarau inayokolea: fanya hivyohivyo, na kama baada ya saa moja hadi mbili hazijaanza kupungua, au mtoto anatapika, au amelegea, ni hospitali.

Kuna mtego mmoja. Mkojo wa asubuhi umekaa kibofuni tangu usiku, kwa hiyo unasimulia saa zilizopita. Mtoto aliyekwisha kula anaweza bado kuonyesha ketoni kwenye mkojo wa kwanza, na aliyekunywa maji mengi anaweza kuonyesha kidogo kuliko hali halisi. Ndiyo maana mkojo wa pili una thamani kubwa. Chupa ya vijiti ifungwe mara moja kila unapotoa kimoja, na uandike tarehe uliyoifungua. Unyevu wa pwani huviharibu vijiti haraka, na kijiti kilichoharibika hakikuambii kwamba kimeharibika.

Wajibu ndugu zako kwa upole kwamba unapima ili usifike kwenye degedege. Jasho jingi la kichwani usingizini, kuamka akiwa mnyong'onyevu, kukataa chakula cha asubuhi, kutapika kabla hajala, pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi: hizo zote zikijirudia zipeleke kliniki pamoja na daftari la vipimo.

Glukomita yangu imesoma 3.4, nikarudia palepale ikasoma 4.1. Niamini ipi? Na ya jirani inasoma 61, hizo ni namba gani?
*Baba, Nakuru*

Ya jirani inapima kwa miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 upate milimoli: 61 ni kama 3.4. Namba za kukariri ni hizi: 70 ni 3.9, 54 ni 3.0.

Kuhusu 3.4 na 4.1, mashine haijaharibika. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi kinaruhusu kosa la hadi 0.83 kwenda juu au chini sukari ikiwa chini ya 5.55. Yaani 3.4 inaweza kuwa kweli 2.6, na inaweza kuwa 4.2. Kwa mtoto wa aina hii usibishane na mashine: ikisoma chini ya 3.9, mlishe. Ikisoma chini ya 3.0 mpe sukari ya haraka papo hapo, rudia kipimo baada ya dakika 15, na mjulishe daktari hata kama imepanda.

Makosa yanayoleta namba za uongo mara nyingi yako kidoleni. Mtoto aliyeshika embe akapimwa bila kunawa anaweza kusoma 7 wakati damu yake ina 3, na hilo ni kosa la hatari kwa sababu linakutuliza. Mnawishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mkaushe kabisa, choma ubavuni mwa ncha ya kidole. Ukitumia spiriti, isubiri ikauke. Usikamue kidole kwa nguvu. Mtoto mchanga huchomwa pembeni mwa kisigino, si katikati. Vijiti vya sukari visiachwe ndani ya gari juani.

Kama uwezo unaruhusu, kuna mashine zinazopima sukari na ketoni za damu kwa vijiti viwili tofauti. Ketoni za damu chini ya 0.6 ni kawaida, kati ya 0.6 na 1.5 ni onyo, na 3 kwenda juu ni jambo la hospitali. Kipimo cha damu kinaonyesha hali ya dakika hiyo, na kinapima aina ya ketoni ambayo kijiti cha mkojo hakiioni, nayo ndiyo hupanda zaidi mtoto anaposhinda njaa. Ila vijiti vyake ni ghali. Mkojo kwa kila siku na damu kwa siku za ugonjwa ni mpango unaowezekana.

Nimeambiwa nimpe mtoto wanga wa mahindi kabla ya kulala. Nimekuwa nikimpikia uji mzito wa sembe saa mbili usiku, lakini asubuhi ketoni bado zipo. Nimekosea wapi?
*Mama, Mbagala, Dar es Salaam*

Hapa wengi hupotea, kwa hiyo tulieleze polepole.

Kinachotakiwa ni kornfulawa, unga mweupe laini wa boksi ambao watu hutumia kuufanya mchuzi uwe mzito. Huo ni wanga mtupu uliotolewa kwenye mahindi. Ukiubana kati ya vidole viwili unatoa mlio mdogo wa kukwaruza, na ukiulowesha kidogo unashikana kama chokaa. Sembe na dona ni mahindi yaliyosagwa, na havifanyi kazi hii. Unga wa kastadi pia haufai kwa sababu umetiwa rangi na ladha, na mara nyingine sukari. Unga mbichi wa muhogo usimpe kabisa, unaweza kuwa na sumu.

La pili, haupikwi. Chembe ya wanga mbichi husagwa tumboni taratibu na kutoa sukari kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Ukiuchemsha, hata ukiumwagia tu maji ya moto, chembe zinapasuka na unakuwa chakula cha kawaida kinachoisha upesi. Hivyo koroga kwenye maziwa baridi, maji baridi au mtindi. Usitie sukari wala glukosi, kwa kuwa sukari huamsha insulini na insulini huharakisha kuishusha sukari usiku huohuo. Unga hutuama chini ndani ya dakika moja, kwa hiyo koroga, mpe, koroga tena, na mwisho suuza kikombe kwa maji kidogo anywe mabaki. Kipimo kikibaki kwenye kikombe hujampa kipimo.

La tatu, kiasi. Madaktari wengi hulenga gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mtoto wakati wa kulala. Kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu kina gramu 8 hivi. Mtoto wa kilo 8 basi huishia kati ya kijiko kimoja na viwili, lakini haanzi hapo. Anza na kijiko kimoja cha chai na uongeze kila baada ya siku chache, vinginevyo atajaa gesi, tumbo litamuuma na ataharisha. Mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kijiko.

La nne, umri. Tumbo la mtoto wa chini ya miezi 10 hivi halina vimeng'enya vya kutosha kusaga wanga mbichi. Kwa huyo daktari hutumia sukari maalumu ya unga yenye minyororo mirefu, au ratiba ya kunyonya usiku.

Na mwisho, saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi ni saa 11. Kwa mtoto mdogo namna hii hata kornfulawa sahihi inaweza isifike. Mpe chakula cha jioni chenye wanga, protini na mafuta, kwa mfano wali na maharage au ndizi za kupikwa na nyama, kisha kornfulawa wakati ule ule wa kulala. Meno ya watoto hawa huoza kwa urahisi kwa kulishwa usiku, mpe maji ya kusukutua au mpanguse kwa kitambaa baadaye. Tena, kornfulawa ihesabiwe kwenye chakula chake cha siku. Mtoto wa Silver-Russell kwa maumbile ni mwembamba, na kumnenepesha haraka kwa hofu ya sukari humletea matatizo ya insulini ukubwani. Mwachie daktari aamue uzito unaofaa.

Mwanangu wa miaka mitatu, kilo 10, alipata kuharisha na kutapika. Nilimpa ORS kama tulivyofundishwa kliniki, na bado alizidiwa usiku. Hospitali walimtundikia dripu, kesho yake ketoni zikawa zilezile. Ilikuwaje?
*Mama, Mwanza*

Pole sana, mama. ORS ulimpa vizuri na uendelee kumpa kila anapoharisha, maana inaokoa maisha. Lakini ORS imetengenezwa kurudisha maji na chumvi, na sukari iliyomo ni ya kusaidia chumvi ipenye utumbo tu. Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 10 wa umri huo anahitaji karibu gramu 3 za sukari kila saa ili abaki salama bila kuchoma mafuta. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi, kwa hiyo kikombe cha mililita 200 kina gramu 2.7. Angelazimika kumaliza zaidi ya kikombe kila saa, usiku kucha, naye anatapika. Haiwezekani. Na usiongeze sukari ndani ya ORS: itakuwa nzito kupita kiasi na kuharisha kutazidi.

Unachofanya ni kupishanisha. Mbali na ORS, tengeneza kinywaji cha pili: vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa vya sukari, sawa na gramu 20, kwenye mililita 200 za maji safi. Glukosi ya unga ya dukani inafaa pia kwa kiasi hichohicho. Kila kijiko cha chai cha kinywaji hicho kina nusu gramu ya sukari. Mpe kijiko kimoja kila dakika 5 kwa saa: ni vijiko 12, gramu 6. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uanze tena polepole. Kosa kubwa ni kumpa kikombe kizima kwa sababu ana kiu. Tumbo lenye ketoni hukataa wingi, likishapokea kwa wingi linarudisha chote, na kutapika kunazidisha njaa, njaa inazidisha ketoni, ketoni zinazidisha kichefuchefu. Mzunguko huo huvunjwa kwa kijiko cha chai. Kama bado ananyonya, ziwa liendelee. Akitulia, mpe uji mwepesi, ndizi mbivu, wali laini, kila saa 2 hadi 3, mchana na usiku. Kumwacha alale kwa kumhurumia ndiko kunakomfikisha alfajiri akiwa hajitambui, kwa hiyo mwamshe.

Twende kwenye dripu. Mtoto wa kilo 10 hupewa kwa kawaida mililita 40 za dripu kwa saa. Chupa ikiwa ya Ringer au ya maji ya chumvi, sukari ndani yake ni sifuri. Ikiwa na dekstrosi (sukari ya dripu) asilimia 5, anapata gramu 2 kwa saa, pungufu ya anachohitaji, na ketoni haziondoki. Ikiwa na asilimia 10 anapata gramu 4, na hapo ketoni huzimika. Uliza kwa adabu, lakini uliza: "Nesi, dripu hii ina sukari asilimia ngapi?" Soma chupa mwenyewe. Inatakiwa iwe na sukari na chumvi pamoja, kwa sababu dekstrosi tupu kwa muda mrefu hushusha chumvi ya damu. Pasipokuwa na chupa iliyochanganywa tayari, wodini hutoa mililita 100 kwenye chupa ya Ringer ya mililita 500 na kuweka mahali pake mililita 100 za dekstrosi asilimia 50, na inakuwa asilimia 10. Kazi hiyo ni ya wauguzi. Wewe kujua kwamba inawezekana kunakusaidia kuuliza.

Mtoto akifika sukari imeshuka sana au amepoteza fahamu, dozi ya kwanza inayotumika katika mwongozo wa WHO ni mililita 5 za dekstrosi asilimia 10 kwa kila kilo kwenye mshipa, yaani mililita 50 kwa mwanao, na baada yake dripu iendelee. Dozi moja bila dripu ya kuendeleza humpandisha kwa muda mfupi, kisha anaanguka tena. Wala dripu isikatwe ghafla: ipunguzwe taratibu akianza kula, na msiruhusiwe kurudi nyumbani kabla hajala na kubakisha chakula, na mkojo kuwa hauna ketoni. Sukari ya 5 ikiwa dripu bado inaingia haionyeshi kwamba amepona.

Njiani kwenda hospitali, kama amelegea hawezi kunywa, usimmiminie kitu kinywani. Mlaze ubavu, chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, kiloweshe kwa matone ya maji, uiweke chini ya ulimi. Rudia kila dakika 10 hadi 20 mpaka mfike. Na homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo, kwani malaria kali nayo hushusha sukari kwa watoto, na huyu hana akiba ya kuvumilia mawili.

Zahanati waliona ketoni +++ kwenye mkojo wakasema mtoto ana kisukari. Ni kweli?
*Mzazi, Kigoma*

Ketoni peke yake hazitoshi kusema hivyo. Mwenye kisukari ana ketoni na sukari iliyopanda, kwa kawaida zaidi ya 11.1 kwenye damu, na kisehemu cha sukari kwenye kijiti cha mkojo hubadilika rangi. Mtoto mwenye njaa ana ketoni na sukari ya kawaida au ya chini, na kisehemu cha sukari hakibadiliki. Pimeni kidole kabla ya jambo lolote. Kumpa insulini mtoto ambaye sukari yake tayari iko chini kunaweza kumuua.

Mwanetu alizaliwa na kilo 4.6, ulimi mkubwa unatokeza nje, kitovu kimejitokeza. Sukari yake inashuka hadi 2.2 lakini ketoni hazionekani kabisa. Rafiki alisoma kwamba kukosa ketoni ni dalili njema.
*Baba, Mombasa*

Kwa mtoto wako ni kinyume, na tunakuomba usisubiri. Hizo alama tatu pamoja zinafanana na ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann. Unatokana na kipande kilekile cha kromosomu ya 11 ambacho huhusika na watoto wengi wa Silver-Russell, ila mabadiliko yameenda upande wa pili: huyu hukua kupita kiasi. Kongosho lake linaweza kutoa insulini nyingi mno. Insulini inashusha sukari na wakati huohuo inazuia mafuta yasichomwe, ndiyo maana ketoni hazitokei. Mtoto wa Silver-Russell sukari ikishuka, ubongo angalau unapata ketoni za kujikimu. Huyu hana hata hizo, na ubongo unaweza kudhurika haraka.

Sukari ya 2.2 ni ya hospitali leo, yenye wodi ya watoto wachanga. Kumnyonyesha mara kwa mara kunasaidia lakini hakutoshi. Anaweza kuhitaji dripu yenye sukari nyingi kuliko kawaida, sindano ya glukagoni (huliamuru ini litoe sukari), au dawa ya diazoksidi (hupunguza insulini). Waombe wachukue damu ya kupima insulini na ketoni wakati sukari iko chini, kabla ya kumpa sukari, mradi isimcheleweshee tiba. Damu hiyo ikikosekana, uchunguzi huweza kuchukua miezi. Watoto hawa pia hufuatiliwa kwa ultrasaundi ya tumbo mara kwa mara katika miaka ya mwanzo kwa sababu wako kwenye hatari zaidi ya uvimbe wa figo na ini. Msiache kliniki sukari itakapotulia.

Tunaishi Minneapolis, mtoto ana miaka mitano, hana homoni ya ukuaji wala kotisoli. Tunaenda Bukoba kwa wiki sita. Tunayo sindano ya glukagoni, inatosha kwa dharura?
*Mama, Marekani*

Haitoshi, na huenda isifanye kazi kabisa. Glukagoni huliamuru ini litoe akiba yake. Mtoto aliyeshinda njaa mpaka ana ketoni, ini lake ni tupu. Kinachookoa ni sukari yenyewe, na kwa mwanao, haidrokotisoni, yaani dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, homoni ya kuhimili ugonjwa na njaa.

Akiwa na homa, dozi ya kumeza huongezwa mara mbili au tatu kama karatasi yenu inavyosema. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Akitapika tena, ni sindano ya haidrokotisoni kwenye msuli wa paja kisha hospitali, bila kusubiri kupima ketoni. Dozi ya dharura inayotumika Marekani ni miligramu 25 chini ya miaka 3, 50 kuanzia 3 hadi 12, na 100 kwa wakubwa zaidi. Kwa chupa ya miligramu 100 ndani ya mililita 2, yeye anachomwa mililita 1. Fanyeni mazoezi ya kuichanganya kabla ya safari, nyote wawili, na mmfundishe pia mtu mmoja wa Bukoba.

Ndani ya ndege hesabuni saa kati ya dozi na dozi, msifuate saa ya ukutani. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Homoni ya ukuaji ikae kati ya nyuzi 2 na 8, isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Umeme ukikatika na dawa ikaharibika, ongezeni mlo wa usiku na vipimo vya alfajiri, kwa kuwa homoni hiyo yenyewe ilikuwa inamsaidia kuvumilia njaa.

Korodani moja ya mwanangu haijashuka, atafanyiwa upasuaji. Ana Silver-Russell. Wamesema asile tangu saa sita usiku, na zamu yake ni saa tano asubuhi.
*Baba, Arusha*

Usikubali saa 11 za njaa bila dripu. Mwambie daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Omba mambo matatu: awe wa kwanza kwenye orodha, awekewe dripu yenye dekstrosi tangu anapoacha kula, na sukari ipimwe kila saa mpaka atakapoamka na kula. Kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula, 4 bila maziwa ya mama, na 2 bila maji au juisi isiyo na nyama ya tunda, kwa hiyo hata kinywaji cha sukari kisicho na maziwa kinaweza kuruhusiwa hadi saa 2 kabla. Ahirisho likitokea, asirudishwe kwenye foleni na njaa yake: alishwe au dripu iendelee. Waambie pia kwamba taya lake ni dogo na kwamba hupoa mwili haraka.

Mjukuu wangu ana miaka tisa, anachomwa sindano za kukua, na sukari ilikuwa ikimshuka zamani. Mwezi wa Ramadhani anataka kufunga na wenzake. Tumwache?
*Bibi, Wete, Pemba*

Shikamoo bibi. Hajabaleghe, hivyo saumu haijamlazimu, na mwenye maradhi ana ruhusa hata akiwa mtu mzima. Kwa historia yake asifunge siku nzima. Kumruhusu afunge "nusu siku" kama wafanyavyo watoto wengi nako ni saa nyingi kwake, hasa akikimbia kucheza mchana. Mshirikisheni kwa njia nyingine: aamke kula daku nanyi, asaidie kupanga tende na kugawa futari kwa majirani. Daku aile kweli, wala asiongezewe siku za kujaribu kwa kuwa jana alionekana mzima. Akija kubaleghe na bado ana hamu, daktari wake anaweza kumlaza wodini afunge chini ya uangalizi, kwa kupima sukari na ketoni za damu kila baada ya saa chache, ili mjue mwili wake unavumilia saa ngapi kabla ya kuamua lolote nyumbani.